Ufunguo wa Stoo ya Vyombo

Mimi ndiye mtunza vyombo wa kikundi chetu cha akina mama hapa Isingiro: masufuria makubwa, turubai, mikeka, na sahani mia moja na ishirini. Kukiwa na msiba, hakuna ndizi inayoingia jikoni kabla sijafungua stoo iliyo uani kwangu. Nahesabu wakati wa kutoa, nahesabu wakati wa kurudisha, na asiyependa akaazime kwingine. Mume wangu alizoea kunitania, "Siku nikifa, utahesabu sahani kwanza ndipo ulie."

Alifariki alfajiri, kwa presha. Jua lilipochomoza akina mama walikuwa wameshajaa uani, huyu na mkungu kichwani, yule na kuni, mwingine na maharage. "Pole, waitu, mwenzetu," wakaniambia. Niliitikia kama ninavyoitikia kwenye misiba ya watu. Sikusikia uchungu, sikusikia kitu. Nikafungua stoo, nikaanza: moja, mbili, tatu.

Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima aliyenifundisha kazi hiyo, akaja akasimama mlangoni.

"Mwanangu, leo nipe mimi huo ufunguo. Wewe ni mfiwa. Kakae mkekani na wifi zako."

Nilimjibu vibaya, mtu ninayempa shikamoo kila siku. Nikamwambia vyombo vikipotea nitaulizwa mimi. Kumbe nilijua kabisa nilichokuwa nakikataa. Nikiwa na ufunguo, tuko kwenye msiba wa jirani. Nikiutoa, msiba ni wangu. Hakubishana nami. Alinikunjua vidole kimoja kimoja, akauchukua.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa. Udongo ulipokuwa ukirudishwa, nilisikia mtu jikoni akikwangua sufuria kwa kijiko cha chuma, nikaudhika. Mume wangu anafukiwa, mimi nawaza sufuria! Leo naona aibu. Siku ile sikuona hata hiyo. Wifi zangu walinong'onezana kwamba nina moyo mgumu.

Siku ya kuanua matanga akina mama waliosha vyombo, wakavipanga, na mwenyekiti akanirudishia ufunguo. Nikahesabu. Sahani zilikuwa mia moja na kumi na tisa. Nilirudia, zikawa zilezile. Hasira zikanipanda, nikatokea uani kwa kelele.

"Nani kaondoka na sahani ya kikundi?"

Mwenyekiti akanyoosha mkono kuelekea mkeka wangu. Sahani ilikuwa pale, imefunikwa kwa jani la mgomba, na ndizi na maharage waliyoniletea mchana yamepoa ndani yake.

"Hiyo ni yako, mama," akasema. "Tunangoja ule."

Nikakaa chini, nikafunua lile jani. Hapo ndipo nilipolia.