Kiganja cha Fundi wa Mashine

Fundi wa mashine ya kusaga hakuwa na masikio tena. Alikuwa na mikono. Miaka ishirini na miwili ndani ya banda la mabati, injini ya dizeli ikipiga tangu asubuhi hadi jua linapoinama, ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo kama panya anavyokula gunia. Hakutambua mpaka siku alipomwona mkewe anafungua mdomo na hakuna kitu kinachotoka. Hakusikitika sana, maana kazi yake haikuhitaji masikio. Akitaka kujua hali ya mashine aliweka kiganja cha kulia juu ya nyumba ya beringi, pale mhimili unapozungukia, akafumba macho kidogo, akasema mkanda umelegea, au nyundo moja ya kusagia imelika upande. Wakizima na kufungua, ndivyo ilivyo.

Siku hizo watu walikuwa bado wanasaga. Kila mwanamke alikuja na ndoo yake, akakaa kwenye foleni, akaujua unga wake kwa rangi na kwa harufu, na mwenye kuleta nafaka yenye mawe aliambiwa mbele ya watu na hakununa. Leo unga unanunuliwa ndani ya karatasi iliyochapwa picha ya mwanamke anayecheka, na hakuna ajuaye anacheka nini. Fundi wa kushika mashine na kujua inaumwa wapi hatakiwi tena. Ikiharibika inatupwa. Lakini wakati huo wenye mashine wa mitaa ya mbali walimtumia watu, naye alikwenda mikono mitupu, bila hata spana moja, akaweka kiganja, akatoa hukumu. Walimwita Mganga wa Vyuma. Alijifanya halipendi jina hilo.

Mkewe alikuwa mpishi katika shule ya bweni, mwanamke wa sauti. Sauti hiyo aliianza jikoni, kwa kuwatiisha wanafunzi mia tatu, akaimalizia nyumbani kwa ajili ya mume. Majirani wapya walidhani wale wawili wanagombana kila jioni, kumbe anaulizwa kama anataka chai.

Walikaa miaka tisa bila mtoto, na walipompata alikuwa wa kike. Baadaye, alipoanza kusema na asinyamaze, waliozoea kupita pale walimwita Kasuku. Lakini katika miezi yake ya kwanza hakuwa na nguvu hata ya kulia sawasawa. Alinyonya kidogo, akaachia, akahema, jasho likamtiririka kwenye paji la uso kama mpakua magunia. Mama yake aliona ni joto. Bibi yake, mama mzaa mama, aliona ni kijicho. Fundi hakuona kitu. Alimbeba tu jioni baada ya kunawa, kwa tahadhari ya mtu aliyebeba kioo.

Mtoto alipofika miezi saba, muuguzi wa kliniki ya kupima uzito aliweka kipimo kifuani pake, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena, kisha akainuka akaenda kumwita daktari. Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye bawaba, daktari wa namna ya zamani, anayemshika mgonjwa kabla ya kushika kalamu. Aliwaambia kwamba moyo wa mtoto una sauti ya ziada, na kwamba yeye anadhani ni tundu, katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini vya moyo. Picha itathibitisha.

Alimpa mama asikilize. Mama alisikiliza, machozi yakamtoka, akasema ni kama mtu anapuliza chai ya moto, anapuliza na haachi.

Kisha akampa baba. Fundi aliweka zile ncha masikioni, akangoja. Kimya kitupu. Aliwaona wote wanamtazama, akaona haya, akatikisa kichwa kwamba amesikia.

"Hajasikia huyo, daktari," mkewe alisema huku anajifuta macho. "Hata mimi hanisikii, na mimi nasikika mpaka sokoni."

Daktari alicheka kidogo. Akauliza kazi yake, akaambiwa. Basi akaushika mkono wa kulia wa Fundi, akaulaza juu ya kifua cha mtoto, upande wa kushoto wa mfupa wa kati, akausukuma taratibu. Fundi akafumba macho. Akaupata. Mtetemo mdogo, mkali, unaokwenda na kurudi chini ya ngozi nyororo, kama mkanda ulioungwa vibaya unapopita kwenye gurudumu. Wala hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Huo," alisema. "Sasa nimeuona."

Picha ilithibitisha. Tundu lilikuwa kubwa, si la kujifunga lenyewe. Wakaandikiwa dawa za maji za kunyonyeshwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wakapewa tarehe za kurudi, na jina la mtoto likapelekwa kwenye orodha ya upasuaji ya hospitali kuu, mwendo wa siku nzima kwa basi. Daktari aliwaagiza wasikose tarehe hata moja, hata wakimwona mtoto amechangamka. Wakaitikia.

Tangu siku hiyo Fundi alikuwa na kazi ya pili. Kila alfajiri kabla ya kwenda bandani, na kila jioni akishanawa, alilaza kiganja juu ya kifua cha binti yake. Mkewe alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi akingoja hukumu, kama wenye mashine walivyokuwa wakingoja. "Vile vile," Fundi alisema. Au: "Leo umekaza." Na siku aliyosema umekaza, chakula hakikulika ndani ya nyumba ile. Mtoto alishikwa na kifua mara kwa mara, akalazwa mara nne, akarudi na macho makubwa kuliko uso. Majirani walileta ushauri wa kila aina. Mmoja alisema mtoto asichekeshwe. Mwingine alisema achekeshwe sana, ili moyo uzoee.

Alipokaribia miaka mitatu, mambo yakabadilika. Akaacha kutoka jasho. Akala, akaomba tena. Kifua kikapita msimu mzima wa baridi bila kubana. Ndipo alipoanza kusema, na hapo akafidia yote: alihoji wateja kwenye foleni, akawaambia siri za jirani, akamwambia bibi yake kwamba meno yake hayakupangwa vizuri. Na chini ya kiganja cha Fundi, wiki baada ya wiki, ule mtetemo ukapungua. Kwanza hakuamini. Akabadilisha mkono, akajaribu na shavu. Ulikuwa unafifia kweli, kama mashine iliyofungwa beringi mpya. Asubuhi moja aliutafuta asiupate kabisa.

Alimwita mkewe, akamwambia. Mama akakaa kitandani akalia kwa sauti yake ileile ya jikoni, mtaa mzima ukajua.

Mwezi uliofuata ikaja barua ya hospitali kuu. Nafasi ya upasuaji ilikuwa imepatikana. Tarehe ilikuwa imeandikwa, na jina la mtoto kwa herufi kubwa, na maelezo ya kitakachofanyika. Mama aliisoma kwa sauti mara mbili: kifua kitafunguliwa, moyo utasimamishwa kwa muda, mashine itashika kazi ya moyo.

Neno mashine ndilo lililomkaa Fundi rohoni. Alizijua mashine. Alijua zinavyokatika katikati ya kazi bila kuaga. Tena yule bwana aliyemfundisha ufundi, marehemu sasa, alikuwa na amri moja aliyoirudia kila siku: injini isiyolalamika usiiguse. Vijana wangapi Fundi amewaona wakifungua injini iliyotulia, kwa kiherehere tu, na wakishaifunga isirudi kuwa ile.

"Tutampeleka kupasuliwa kwa lipi?" alimwuliza mkewe.

"Daktari alisema tusikose," mama alisema. "Basi tumpeleke hapa kliniki kwanza, wamsikilize."

Yule daktari wa miwani ya uzi alikuwa amehamishwa, na kliniki ilikuwa na watu wapya ambao hawakumjua mtoto. Fundi alisema wakienda, wale wageni watasoma faili tu na kuwapakia kwenye basi. Mama aliitazama tena ile barua.

"Una uhakika?" akauliza.

"Mama Kasuku, mkono huu umewahi kunidanganya?"

Haukuwahi. Hilo ndilo lililokuwa baya. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuuona umekosea, naye pia alikuwa anaiogopa ile barua kuliko alivyosema. Akaikunja, akaiweka chini ya nguo kabatini. Tarehe ikapita siku ya soko, na hawakuizungumzia.

Miaka mitatu walikaa kwa raha. Kasuku akaanza shule. Alikuwa mwembamba, na katika michezo alikuwa wa kwanza kukaa chini, lakini mdomo haukuchoka, kwa hiyo hakuna aliyemhesabu mgonjwa. Kisha ikaja siku alipoletwa nyumbani na mwalimu wake. Mwalimu alieleza, kwa aibu kidogo, kwamba alikuwa amemwadhibu mara mbili kwa kunyonya kalamu ya wino. Siku hiyo baada ya mbio midomo ilikuwa ya buluu tena, akamnawisha mwenyewe kwa sabuni, na buluu haikutoka.

Kliniki safari hii kulikuwa na daktari mwanamke, kijana, mpole wa sauti, anayeandika kwenye kompyuta. Fundi alimtazama akitafuta sababu ya kumdharau, asiipate. Daktari alivishika vidole vya mtoto kimoja kimoja, akatazama ncha zake zilizokuwa nene kama virungu, na Fundi akaona haya kwamba yeye, mtu wa mikono, hakuviona. Wakatumwa kwenye vipimo hospitali kuu, wakakaa siku nne, wakarudi na bahasha. Daktari akaisoma yote. Kisha akaomba mtoto akakae nje kwenye benchi na muuguzi.

Alisema polepole, na kwa kuwa Fundi hakusikia, ilimbidi mama arudie kila sentensi, kwa sauti. Tundu hilo tangu mwanzo lilikuwa linarusha damu kutoka chumba chenye nguvu kwenda kisicho na nguvu, na kule kurushwa ndiko kulikoleta sauti, na mtetemo. Mama akarudia. Damu ile ilipiga mishipa ya mapafu miaka yote, mishipa ikawa migumu, mgandamizo wa upande wa pili ukapanda mpaka vyumba vyote viwili vikalingana. Mama akarudia. Pakishalingana, hakuna cha kurushwa, basi pananyamaza, na mtoto huonekana amepata nafuu kwa muda, kabla damu isiyo na hewa haijaanza kurudi upande wa pili na kumtia buluu.

Hapo mama hakurudia.

"Anasemaje?" Fundi aliuliza.

Mama alimwinamia, akamnong'oneza sikioni, kama mtu anayesahau ameolewa na nani.

"Sisikii. Anasemaje?"

"Anasema kile kimya ndicho kilikuwa ugonjwa," mama alisema, na sauti ikapita mlango. "Anasema wakati ule ingewezekana."

"Na sasa?"

Daktari alisema kwamba sasa upasuaji haufai tena, kwamba tundu likizibwa moyo utashindwa palepale. Kuna vidonge vya kusaidia mapafu. Anaweza kuishi miaka, wengine hufika utu uzima. Asikimbie, asikose maji, wasimpeleke milimani penye hewa nyembamba. Mama alichagua katika hayo yote, kwa kuwa hakuweza kuyabeba yote.

"Anasema halizibiki!" akapaza.

Fundi aliinuka. Alitaka kumwuliza daktari kama picha inaweza kurudiwa, akaona wazi kuwa ni swali la mtoto. Alimwambia kwamba ni yeye aliyesema wasiende. Mkewe alitaka kwenda. Daktari aliacha kuandika. Mama akasema, si kwa kupaza sasa, kwamba walikubaliana wote wawili. Fundi hakusikia, na hakuna aliyerudia kwa sauti.

Walitoka. Kutoka kliniki hadi nyumbani kuna kilima, si kirefu, mtu mzima hupanda bila kujua amepanda. Kasuku alikataa kubebwa, akasema yeye ni wa darasa la kwanza. Wakapanda kwa mwendo wake. Kwenye nguzo ya kwanza ya umeme alisimama kuhema, na walipomzunguka akamvuta baba yake mkono ainame, akamsemea sikioni kwa ukali, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Baba, nini hakizibiki?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama bondeni.

"Paa la banda," Fundi alisema. "Linavuja."

"Si uweke bati jingine?"

"Nimetafuta, mwanangu. Nilichelewa kutafuta."

Mtoto alifikiri, midomo yake ikianza kurudi rangi. Akasema mwenye duka la vifaa anayo mengi, kayaegemeza ukutani, ameyaona mwenyewe, na kwamba kesho watakwenda wote wawili, na yeye ndiye atakayeongea, kwa sababu baba hasikii bei. Fundi akasema sawa. Watu wawili wenye ndoo waliwapita, wakawasalimu, wakaitikiwa. Kisha Kasuku akasema amekwisha kupumzika, wakaanza kupanda tena, kuelekea nguzo ya pili.