Shemeji na Mbio za Kikohozi

Shemeji yangu ni fundi wa cherehani, tena fundi haswa, siyo wa kubahatisha. Kwenye kiwanda chao cha kushona sare, cherehani ikiruka mshono mwanzo wa ukumbi, yeye anaisikia akiwa mwisho. Anakuja na kichupa chake cha mafuta, anainama, anatega sikio, anagusa mahali pamoja, kazi inaendelea. Wenzake wanamwita Sindano kwa vile alivyo mwembamba. Mimi namwita Shemeji kwa sababu amemwoa dada yangu, na kwa hiyo nina haki ya kumsema nikitaka. Leo nataka.

Tunakaa nyumba moja. Wao wana vyumba viwili vya uani, watoto wao wameshakua na kwenda kujitegemea. Mimi nina chumba cha mbele kinachotazama barabara, mchana ni saluni, usiku nalala humohumo. Hakuna kinachoingia wala kutoka kwenye nyumba hii bila kupita mbele ya macho yangu. Mniite mmbea, sawa, lakini mimi naona mwenyewe, sisimuliwi.

Sasa, Shemeji ana skuta. Aliinunua ikiwa imeshachoka, na yeye akazidi kuichosha. Mtaa mzima unaiita Kikohozi, maana unaisikia inajikohoza kona ya kwanza, unamaliza kusuka misuko miwili ya mteja, ndipo inatokea. Watoto wakitoka shule wanashindana nayo kwa miguu, na wanashinda.

Siku moja, miaka hiyo, alimpakia dada ampeleke kazini. Dada anafanya kazi kiwanda cha mkate, juu kilimani. Kikohozi ikafika katikati ya kilima, ikakata roho. Wakaisukuma wote wawili, dada akaingia kazini viatu mkononi, jasho linamtiririka, wenzake wakavunjika mbavu. Akaapa palepale, "Mimi na hicho kidude basi." Tangu siku hiyo akawa mtu wa basi.

Haikuwa na neno, kwa sababu wote wawili walikuwa wanafanya kazi mchana na jioni wanakuwa pamoja. Balaa lilianza dada alipohamishiwa zamu ya usiku. Basi la kule linazunguka mji mzima kabla ya kupanda kilima, kwa hiyo ilimbidi atoke nyumbani mapema. Shemeji anarudi na Kikohozi yake, dada yuko dirishani kwenye basi, anaondoka. Wanapungiana mikono pale kona, basi. Asubuhi ni yaleyale, mmoja anatoka kabla mwingine hajarudi. Jumapili dada analala usingizi wa pono mpaka jua linazama.

Wakawa wanazungumza kwa chupa ya chai. Sitanii. Dada akiondoka anaiacha mezani imejaa. Siku akiwa na furaha, chai ina sukari ya kutosha. Akihisi mumewe ana mafua, anatia tangawizi. Akikasirika, hakuna hata chembe ya sukari. Shemeji anakunywa kimyakimya, kisha anakuja mlangoni kwangu na kikombe mkononi.

"Shemeji, nimefanya nini tena?"

"Umeacha bomba linavuja, ua mzima maji."

"Aa," anasema, anakwenda kukaza bomba. Kesho yake sukari imerudi. Ndoa ya namna hiyo nilikuwa sijaiona.

Jumapili moja dada alikuja nimwoshe nywele. Kichwa kikiwa kwenye beseni, macho kafumba, akaniambia kwamba kule kiwandani kuna vyumba nyuma ya stoo, wanawake wa zamu ya usiku wanaruhusiwa kuhamia, na anayetaka aseme kabla mwezi haujaisha.

"Nafikiria kuchukua," akasema.

"Wewe dada, una wazimu? Na mumeo?"

"Mume gani? Mimi nina chupa ya chai."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaona machozi yanatoka pembeni ya macho na kuingia masikioni, na povu la sabuni halihusiki. Roho iliniuma sana. Ni dada yangu huyu, aliyenilea tangu mama alipotutoka, hanaga tabia ya kulialia.

Mimi siri hainikai. Jioni ileile nikamfuata Shemeji uani, nikashika kiuno. "Shemeji, mkeo anahama."

Akaweka kikombe chini polepole. "Anahamia wapi?"

Nikampa yote, bila kupunguza.  Shemeji akasema, "Ningekuwa nafika mapema kidogo tu." Akainuka, akaenda kuiangalia Kikohozi, akaizunguka kama mtu anayetaka kuinunua upya.

Akafungua kifuniko cha pembeni. Ndani akakuta mkanda umezunguka magurudumu mawili madogo, moja mbele, moja nyuma. Uso ukamng'aa. "Kumbe ni cherehani tu, imewekewa matairi!"

Akanieleza, nami sikuomba. Kwenye lile gurudumu dogo la mbele kuna vidude vya uzito vinavyousukuma mkanda, na vikiwa vyepesi, skuta inachangamka haraka. Akaenda navyo kazini, akajichongea vingine vyepesi. Kwenye bomba la moshi akakuta pete ya chuma iliyowekwa makusudi kuizuia skuta isikimbie. Akaitoa. Hapo nilikuwa namsifia kimoyomoyo.

Halafu akafanya kosa ambalo fundi wa pikipiki halifanyi hata akiwa usingizini. Fundi wa cherehani, kabla hajafunga kitu, anakitia mafuta. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote, mkono ulikwenda wenyewe. Akautia ule mkanda mafuta ya cherehani, tone baada ya tone, bila kuruka mahali, kwa mapenzi yote. Akafunga, akawasha.

Injini ikanguruma mpaka majirani wakatoka nje. Shemeji akainamia mbele, kakaza taya, kofia ngumu kichwani, akavuta resi. Mngurumo ukazidi, moshi ukajaa uani, na Kikohozi haikusogea hata shubiri. Mkanda ulikuwa unateleza tu kwenye mafuta. Bibi wa nyumba ya pili akapita na ndoo yake, akasimama mbele ya skuta.

"Baba, nikupishe, au bado unasubiri abiria?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Masikini Shemeji, masikio yalimwiva. Ilibidi aufungue tena, aufute mkanda, aukaushe, auchunguze kama mtoto aliyeogeshwa.

Safari ya pili ikakubali. Ilitoka pale getini, wee, kuku waliruka! Lakini si mnajua mtu akishaonja. Akaanza kuipunguzia uzito. Akang'oa keria, akang'oa madigadi zote mbili, akang'oa vioo. Mwisho akang'oa siti ya nyuma, akaniletea saluni, kaibeba kwa mikono miwili. "Zawadi, Shemeji. Wateja wakalie." Nikaiweka juu ya kreti la soda, na kweli wateja waliipenda, ni laini.

Akawa anafika kabla dada hajatoka. Siku ya kwanza nilikwenda jikoni kuchukua maji ya moto, na kama maji yalikuwa hayajachemka, mimi nifanyeje? Nikasubiri. Niliwaona wamekaa mezani, chupa ya chai katikati. Shemeji anahema, macho mekundu kwa upepo, kikombe kinamgonga meno. Mgongoni, kwa kuwa hakuna madigadi, ana mstari wa matope kuanzia kiunoni mpaka kisogoni. Dada akachukua kitambaa, akamfuta. Alipomaliza kufuta, muda wa basi ukafika. Akajifunga kitambaa kichwani, akaondoka. Hawakusema kitu.

Kesho yake ikawa vilevile, na siku zilizofuata. Nikajipa moyo kwamba si haba, wanaonana. Ila dada alizidi kuwa mkimya, na mimi nikashindwa kumwelewa.

Siku ya mwisho ya mwezi nilikuwa na mteja kichwa nusu, upande mmoja nimeshasuka, upande wa pili nywele zimesimama. Shemeji akaingia getini akiisukuma Kikohozi. Suruali imechanika gotini, kiwiko kinatoka damu. Ameanguka kona ya kwanza, kwenye mchanga.

Dada alikuwa ameshafika mlangoni na mkoba wake. Alipoiona ile damu, mkoba ukamtoka mkononi.

"Sasa umefurahi?" akapaza sauti. Dada yangu hapazi sauti. "Leo wanataka jibu kule, nami nakwenda kuwaambia nahamia. Nikiwa sipo hapa, angalau utarudi polepole, ukiwa mzima!"

Shemeji akasimama, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unadondosha damu.   "Mimi nilikuwa natafuta muda kidogo na wewe tu, mke wangu."

"Muda gani, baba watoto? Unafika huwezi hata kuongea! Nakufuta matope, naondoka. Mimi nimechoka kufuta matope. Nataka tuongee. Nina mambo tele ya kukwambia, yamenijaa mpaka hapa." Akajishika shingoni, akaanza kulia, na Shemeji naye macho yakamlowa.

Mimi uvumilivu ukanishinda. Nikatoka nje na kitana mkononi. "Hivi nyie watu wazima mna akili kweli? Huyu ana chombo cha moto, huyu anakimbilia basi linalozunguka mji mzima! Kwa nini asikupeleke? Akikupeleka unatoka baadaye, naye hana haja ya kukimbia!"

"Unakijua kilima wewe?" dada akanigeukia. "Uliisukuma wewe?"

Shemeji akakohoa kidogo. "Sasa hivi inapanda," akasema kwa sauti ndogo. "Vile vidude vyepesi... kilima inakipanda vizuri. Hata kwa watu wawili, nadhani."

Dada akamtazama. Akaitazama skuta, mbele mpaka nyuma. "Na mimi nikae wapi? Kichwani kwako?"

 Wote watatu tukageuka pamoja, tukatazama ndani ya saluni. Mteja wangu alikuwa ameketi juu ya ile siti ya skuta, kichwa nusu, ametoa macho, hajakosa hata neno moja.

Dada akaingia. "Samahani, mama, naomba unyanyuke."

"Kwa hiyo anapakiwa?" mteja akaniuliza kwa kunong'ona, huku ananyanyuka.

"Nyamaza tusikie," nikamwambia.

Dada alimfunga Shemeji kiwiko kwa kitambaa chake cha kichwani, Shemeji akaifunga siti kwa spana, na mteja, nywele zimesimama, ndiye aliyeshika taa ya simu. Basi lilikuwa limeshapita zamani. Dada akakaa upande, mkoba mapajani, akaingiza vidole kwenye mkanda wa suruali ya mumewe na kukamata. "Polepole," akasema. Wakatoka. Nilisimama pale getini mpaka kile kikohozi kikapotea, na sikuwa na amani hadi asubuhi dada aliporudi.

"Kilima?" nikamwuliza kabla hajavua viatu.

"Imepanda." Akaketi kwenye kreti la soda lililobaki tupu, akatabasamu peke yake. "Walinzi walikuwa getini wanatutazama. Nikashuka kama bibi harusi."

"Na jibu lao?"

"Nimewaambia chumba wampe mwingine, mimi nina mtu wa kunileta."

Sasa hivi Shemeji amerudisha kila kitu. Madigadi zipo, vioo vipo, pete ya bomba la moshi ameirudisha mahali pake. Amebakiza vile vidude vyepesi tu, kwa ajili ya kilima. Anarudi kazini kwa mwendo wake wa zamani, watoto wa shule wanampita wakimzomea, anawapungia mkono. Anamkuta dada anamsubiri, wanakunywa chai wakiwa wamekaa, chupa ikiisha wanatoka. Baiskeli zinawapita. Kila jioni namsikia dada wanapokata kona, anampiga mumewe begani: "Punguza bwana, sijamaliza kukusimulia!"

Juzi Shemeji alikuja mlangoni kwangu, kikombe mkononi, kama siku zile. Nikajua leo chai haina sukari. Nikamwuliza amekosa nini tena.

"Sijakosa kitu," akasema. Akatazama nyuma, dada alikuwa uani anajifunga kitambaa. Akashusha sauti. "Shemeji, wewe unaujua mji huu. Hakuna njia nyingine ya kwenda kiwanda cha mkate? Iliyo ndefu kidogo?"

Nikamwelekeza apite kule nyuma, kwenye mashine za mbao, azunguke uwanja wa mpira, kisha ndipo apande.