Bomba Lililofungwa Kama Mtumbwi

Juzi pale Kibiti niliona bomba la moshi juu ya mashine ya mpunga, limeshikiliwa na nyaya pande tatu. Mara nikanusa tope la Salale, kijiji cha mikokoni nilikokulia.

Alasiri moja nikiwa mtoto, fundi alikuwa akisimamisha bomba la kiwanda kipya cha kukausha uduvi kijijini kwetu. Nyaya zilivuma kwa upepo. Bibi yangu alizikodolea macho, mikono inanuka uduvi, akamwuliza fundi:

"Baba, mbona hamjengi la matofali?"

"La matofali litadidimia kwenye tope hili, bibi. Hili la chuma ni jepesi, nyaya zitalizuia lisianguke."

Tulipofika mbali Bibi akaninong'oneza, "Mtumbwi tunaufunga kwa kuwa unataka kwenda. Na hilo lina safari."

Nikaamini. Kila asubuhi nilikimbia kuchungulia kama bado lipo.

Leo najua nyaya zililikinga na upepo tu. Lakini uduvi ulipoadimika, wenye kiwanda walikuja na boti, wakafungua nyaya, wakalilaza bomba, wakaondoka nalo. Bibi alitazama mpaka boti ikapotea kwenye mikoko, kisha akaenda kuikaza upya kamba ya mtumbwi wetu.