Koti la Besiboli Nililovaa hadi Jeddah

Naona haya kuisimulia habari hii, lakini Hamudi ameshawahadithia nusu ya Wakenya wa Jeddah, basi afadhali mnisikie mwenyewe.

Asubuhi hiyo niliondoka Riyadh bila mpango wowote. Kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu cha kazi, alikuwa amefunga duka, akaniambia nipate kafili mwingine upesi ama nirudi nyumbani, nami (niliyeacha shule kidato cha pili ili nikaone barabara ya Lamu inaishia wapi) nikapanda basi la Jeddah kwa sababu tu sikuwahi kuiona. Mabasi yale yana baridi ya friji ya nyama, kwa hiyo nikavaa koti langu la mtumba la Kongowea, lenye herufi kubwa kifuani na magongo mawili yaliyopishana.

Kituoni Jeddah kijana mmoja dereva, Mzanzibari mzaliwa wa huko huko, akanisimamisha. Ndiye Hamudi.

"Ndugu yangu, bosi wangu Mmarekani analo koti kama hilo. Alicheza besiboli chuoni kwao. Nawe ulisoma huko?"

Ningesema "mtumba" mambo yangeisha. Lakini akaongeza kwamba bosi anatafuta mtu wa stoo bandarini na kampuni ndiyo ingekuwa kafili, basi nikaitikia kwa kichwa.

Akanipeleka kwa gari moja kwa moja. Kumbe siku hiyo Wamarekani walikuwa wakimfanyia bosi sherehe kando ya uwanja wao wa besiboli, kwa kuwa chuo chake cha zamani kimeliweka jina lake katika ukumbi wa heshima wa wachezaji bora. Mzee aliponiona akanikumbatia, macho yamemlowa.

"Ulicheza nafasi gani?"

"Zote," nikasema.

Akacheka, akawaambia wenzake hajapata kuona mnyenyekevu kama mimi (sijui alisikia nini), na kabla sijamaliza soda nikawekwa uwanjani, gongo mkononi, watu wameketi kwenye viti vya plastiki wakinipigia makofi.

Sasa, mimi nimekua na dada watupu, na mchezo niliofunzwa ni kati, ule wa kusimama baina ya warushaji wawili na kuukwepa mpira. Mpira ukaja, nikaukwepa. Ukaja wa pili, nikaruka nikapanua miguu ukapita chini. Wa tatu nililala kabisa. Mrushaji akachanganyikiwa, akaanza kurusha ovyo mpaka refa akanionyesha kwa mkono niende upande wa kulia. Kwa sheria zao ni zawadi, unatembea bure hadi kituo cha kwanza. Mimi nilijua nimepewa kadi nyekundu.

"Refa, sikumgusa mtu," nikamsihi. Kisha, kwa uungwana, nikampa mkono yeye, nikampa mrushaji, nikaanza kutoka uwanjani na gongo lao begani.

Bosi akanifuata taratibu.

"Kijana, koti hili umelipata wapi?"

"Mombasa, bosi. Sokoni. Lilikuwa kwenye rundo, juu ya suruali za watoto."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia nile, nikala, na aliposimama kushukuru kwa heshima aliyopewa, akasema inamgusa kwa kuwa wanaoitoa walimwona akicheza. Viti vyote vikageuka kunitazama, nami nina paja la kuku mdomoni.

Garini nikamuuliza Hamudi kama kazi bado ipo.

"Kazi ile haikutaka besiboli hata kidogo," akasema. "Ilitaka mtu akiulizwa stooni mna nini, aseme kilichomo. Halas, hiyo imekwenda. Kesho tutamuuliza ami yangu. Yalla, twende kwa mama ukalale."

Mama yake, Bi Zuwena, anakaa Al-Nuzha. Akanifungulia chumba cha uani, akatandika godoro, akanitazama toka juu hadi chini.

"Mwanangu, kupika wajua?"

Jibu zuri lilikuwa limeshanifika kwenye ncha ya ulimi, pilau na samaki wa kupaka na yote, nikalimeza.

"Chai tu, mama. Na mara nyingine huungua."

"Basi kaa," akasema. "Nitapika mwenyewe."