Disko la Baba Mdogo na Kinanda cha Kwaya

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na kazi mbili, na zote mbili hazikuwa kazi machoni pa mama. Ya kwanza ilikuwa disko la baba mdogo. Ya pili ilikuwa kinanda cha kwaya pale usharikani kwetu Nyaishozi. Mama aliziita zote "kelele", halafu akanionyesha jembe lilipo.

Disko lenyewe lilikuwa deki mbili za kaseti, amplifaya, na spika mbili za mbao ambazo baba mdogo alizitengeneza mwenyewe, kubwa kama makabati. Umeme hatukuwa nao, tulitumia betri ya gari tuliyoichaji kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Betri ikichoka, mwanamke anaimba kama mwanaume. Kurudisha kaseti kwa deki kunakula betri, kwa hiyo tulizungusha kwa kalamu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: deki moja inapiga, mimi nazungusha kaseti nyingine mpaka mwanzo wa wimbo ninaoutaka, na nilijua umefika kwa kutazama unene wa utepe tu. Wimbo huu haujaisha, ule unaingia, watu hawapati nafasi ya kukaa. Nilipenda sana hapo. Nilipenda kuwatazama wazee wanaosema wao hawachezi, halafu naweka ya Zaire, gitaa linaanza kukimbia, na mguu mmoja unawasaliti chini ya benchi.

Kinanda kililetwa na wageni wa ng'ambo waliotembelea usharika. Kilikuwa cha plastiki, cha betri ndogo, na kilikuwa na vitufe vya ngoma: unabonyeza, ngoma inapiga yenyewe, haichoki wala haiombi rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mwinjilisti alikiweka nyumbani kwake kimefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Nilijifunza haraka kuliko wenzangu, basi nikawa mpigaji wa kwaya.

Mazoezi yakiisha nilikuwa nabaki. Narekodi ngoma ya kinanda kwenye redio kaseti. Halafu naicheza, huku napiga besi juu yake, na redio ya pili inarekodi vyote viwili. Halafu narudia, naongeza kingine. Kila ukirudia mvumo unaongezeka, mwishowe wimbo unasikika kama unapigwa ndani ya mvua. Wimbo wangu wa kwanza una jogoo wa mwinjilisti katikati na sikuweza kumtoa. Lakini asubuhi ulikuwa haupo duniani, na jioni upo. Hakuna kitu kingine nilichokuwa nakijua ambacho kinafanya hivyo. Kahawa inachukua miaka.

Mimi sikuona kwa nini nichague. Aliyenilazimisha ni mwinjilisti.

"Kijana wangu," aliniambia baada ya ibada, "wazee wa usharika wamekaa. Wanasema Jumamosi vidole vinachezesha walevi, Jumapili vidole hivyo hivyo vinapiga pambio."

"Huwa navinawa, Mwinjilisti."

Alicheka, halafu akaacha. "Nimekutetea. Nimewaambia huyu hana tabia mbaya, ana haraka tu. Lakini siwezi kukutetea kila wanapokaa. Ukitaka disko, kinanda utakiacha. Ukitaka kinanda, uache disko. Hii harusi ya Mabira nenda, maana baba yako mdogo ameshaahidi watu. Ukitoka huko niletee jibu."

Nilimpelekea baba mdogo habari hiyo nikiwa nimevimba. Alikuwa anaunganisha waya, hata hakuinua kichwa.

"Hicho kinanda cha nani?"

"Cha usharika."

"Na hizi spika?"

"Zako."

"Goti langu limeanza kuuma. Nikishindwa kuzibeba, zitakuwa za nani? Zako wewe. Kinanda kitakuwa cha usharika mpaka Bwana arudi."

Ilinikera kwa sababu ilikuwa kweli. Kinanda kingine sikukijua karibu. Nikinyimwa kile, nyimbo zangu zimeishia hapo. Lakini nikiliacha disko, naliacha lile jambo la kusimama mbele ya watu na kuwaona wanainuka. Na kumwacha yeye na goti lake.

Kabla ya kwenda Mabira nilipita kwa bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa anaitwa kwenye harusi zote za jirani kuimba na wanawake wenzake, chumbani alipo bibi harusi. Sisi wanaume saa hizo tunakuwa nje na rubisi. Nilimwomba aniimbie wimbo mmoja nirekodi. Akachagua wa polepole, kwa Kinyambo cha zamani: msichana anaambiwa ayatazame mafiga ya mama yake, ayaage, moto wake sasa uko kwingine. Aliuimba huku anamenya ndizi. Nikaweka ngoma ya kinanda chini ya sauti yake, nikaichangamsha kidogo.

Baba mdogo aliisikiliza mpaka kaseti ikafika mwisho.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Mimi na bibi."

"Mama yangu huyu?" Akatikisa kichwa. "Tunaipiga Mabira."

Harusi ilikuwa nyumbani kwa bwana harusi. Bibi harusi alikuwa ameletwa kutoka Igurwa mchana ule, amekaa chini ya turubai ndani ya shela yake, ametulia. Tulipiga mbili tatu za Zaire, vumbi likapanda. Ndipo baba mdogo akaniashiria, nikaingiza ya kwetu.

Mwanzoni vijana walishangilia, sauti ya bibi kizee juu ya ngoma ya kinanda! Halafu niliona wanawake waliokuja na bibi harusi wamesimama, mikono chini. Na bibi harusi naye akainuka. Hakupiga kelele. Alisimama tu, ameupa mgongo upande wa nyumba, anaangalia barabara waliyokuja nayo, na machozi yanamtoka. Bwana harusi alikuwa ameshika ncha ya mkono wa gauni lake, hajui avute au aachie.

"Waitu, jamani, zima hiyo!" Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameshafika mezani kwetu. "Nani amewatuma?"

"Shikamoo mama," baba mdogo akasema. "Ni wimbo wa harusi."

"Harusi ya wapi? Huu unaimbwa kwao, kabla hajavuka mlango! Akishavuka unabaki huko huko. Nyie mnamwimbia kwa mumewe, mnataka arudi?"

Baba mdogo amepiga harusi zote hizo, na hakujua. Angejuaje? Wimbo ni wa ndani, yeye maisha yake yote amekuwa nje. Nilichomoa kaseti. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na spika.

Shangazi hakutungoja. Aligeuka, akapiga makofi, akaanzisha mwingine, wa kumpokea mke, na wanawake wa pande zote mbili wakauchukua kwa makofi matupu. Mama mkwe akamfuta yule binti machozi kwa kanga yake, wakaimba mpaka akakaa. Ndipo shangazi akarudi kwetu.

"Sasa pigeni Zaire yenu. Ile haina kwao." Watu wakacheka, hata baba mdogo. Halafu akaniuliza mimi, taratibu: "Yule anayeimba ni nani?"

"Bibi yangu."

"Mwambie anaimba vizuri. Ila uwe unamuuliza, wimbo unakaa nyumba gani."

Kurudi tulipanda nyuma ya pikapu, tumeegemea spika. Nilimngoja baba mdogo anigombeze. Alikuwa anasugua goti.

"Mimi huwa naambiwa zima na walevi," akasema. "Au betri inazima yenyewe. Wimbo wa kumsimamisha bibi harusi sijawahi kupiga." Akanitazama. "Usijidanganye, umenitia aibu. Lakini nenda kwenye kinanda chako. Nitamtafuta kijana mwingine."

"Na spika?"

"Aa, spika! Unataka vyote?"

Nilitaka vyote, ndiyo. Lakini bado namwona yule binti alivyosimama. Nilikuwa nimeinua mamia ya watu kwa nyimbo za wengine, na wote walikuwa wanakaa tena bila kukumbuka.

Jibu nililipeleka kwa mwinjilisti asubuhi yake, hata sikusubiri ibada. Habari ya Mabira ilikuwa imeshamfikia. Hakunihubiria. Alifungua kile kitenge, akasema nisimalize betri.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa sebuleni kwa mwinjilisti na redio zangu mbili, na nyimbo tatu mpya za bibi ambazo nilikuwa nimeuliza kila mmoja unakaa wapi. Nikasikia pikapu inapanda kilima. Baba mdogo alikuwa anapiga muziki njiani, kama tulivyozoea, kuita watu. Akapiga honi mara kadhaa mbele ya nyumba.

Mke wa mwinjilisti akachungulia mlangoni. "Ni baba yako mdogo. Hutoki hata kumpungia?"

"Nikitoka leo, mama, sirudi," nikamwambia, na kidole changu kikabaki juu ya kitufe cha kurekodi, nikingoja wapite.