Nilimlazimisha Kocha Amrudishe Mjukuu Wangu Timuni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, nisikilizeni kabla hamjaanza kuwalaumu walimu wenu. Kosa ni langu. Si la kocha, si la chuo, si la shetani. Ni mimi, mwanamke mwenye mvi, niliyeitumia heshima ya mvi hizo vibaya.

Nakaa Garissa. Mjukuu wangu nimemlea tangu mama yake afariki, na alikuwa mshambuliaji wa timu ya chuo. Mwaka huu mlinzi wa hosteli yao alipigwa kwa chuma mpaka akavunjika taya. Polisi wakaanza uchunguzi, na jina la mjukuu wangu likatajwa. Aliyelitaja ni golikipa wa timu hiyohiyo. Alisema ameona kwa macho yake.

Kocha akamsimamisha. Wallahi, nilichemka! Nikaenda kwa miguu mpaka uwanjani.

"Umemfanya mtoto wangu mhalifu mbele ya mji mzima?"

"Mama, sijasema ana hatia," akanijibu kwa upole. "Asicheze tu mpaka polisi wamalize. Yeye na golikipa siwezi kuwalaza chumba kimoja tukisafiri."

"Wewe umekuja juzi. Hapa mambo yetu tunamaliza wenyewe."

Na nikayamaliza! Nikawaita wazee wa ukoo wetu na wa ukoo wa mlinzi. Wakakaa maslaha, kikao cha wazee cha kupatanisha koo, vile tumefanya tangu zamani: ngamia wakatolewa, fatiha ikasomwa, ukoo wake ukasema umesamehe. Mlinzi mwenyewe hakuulizwa. Angejibu nini, na taya limefungwa waya? Golikipa naye hakuna hata mmoja aliyemkumbuka.

Kesho yake, polisi bado hawajamaliza, nikawapeleka wazee kwa kocha kudai mjukuu wangu arudishwe. Mmoja akamuuliza, "Kijana, wewe ni mwalimu wa mpira au ni polisi?" Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe!

Kocha akatazama chini. "Haya, nyinyi ndio wenyeji," akasema.

Juma hilohilo mjukuu wangu akapanda basi la timu kwenda Wajir kwa mechi.

Siku ya pili, saa saba mchana, simu ikalia. Golikipa amechomwa kisu chumbani wakati wenzake wako msikitini. Mjukuu wangu haonekani.

Mtoto wa watu bado yuko hospitali. Nilienda kumwona. Mama yake hakunitukana. Alivuta tu kiti chake, akaketi kati yangu na kitanda. Ya Allah! Heri angenitukana.

Sasa naogopa. Mimi niliyejifungua porini fisi wakilia karibu, naogopa mtoto niliyemlisha kwa mkono huu! Geti likigongwa, nachungulia kwanza dirishani. Wasichana wa nyumba hii hawaendi hata dukani peke yao. Majirani wakiuliza mbona sitoki, nasema joto limenizidi.

Juzi akanipigia kwa namba nisiyoijua. Nikamwambia, "Warya, we kijana, umefanya nini?" Sauti yake ilikuwa tulivu, kama mtu anayeagiza sukari.

"Ayeeyo, bibi yangu, si uwaite tena wale wazee?"

Nikakata simu. Kumbe ndicho nilichomfundisha! Kwamba damu ikimwagika, ayeeyo atatafuta ngamia.

Wazazi wenzangu, sikieni. Mbuzi tukimshuku ana ugonjwa, tunamtenga na wenzake. Hatumchinji. Akipona anarudi zizini. Hilo nalijua tangu utoto, na bado nilimkatalia kocha kufanya hivyohivyo kwa mjukuu wangu! Kumsimamisha mchezaji si kumhukumu. Kama ni msafi, amekosa mechi chache. Kama si msafi, kuna mwenzake analala salama. Huyo mwenzake ndiye sikumfikiria.

Na nyinyi vijana, bibi yenu akija uwanjani kuwapigania, mrudisheni nyumbani. Mwambieni uchunguzi uishe kwanza. Kama hamna hatia, mtaogopa nini?

Namba ile nimeipeleka polisi mwenyewe. Mwanangu wa kiume amekasirika, anasema nimeuza damu yangu. Sikubishana naye. Niliwakusanya wote sebuleni, wakubwa kwa watoto, nikasema mara moja tu: "Akija, mfungulieni geti. Mmoja ampe maji, mwingine awapigie polisi. Na atakayewaita wazee, asilale kwangu."