Wa Mwaka Juzi Wako Wapi?

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo siwezi kuisahau hata nikitaka. Tulikuwa tukiishi Greenbelt, jimbo la Maryland huko Amerika, katika nyumba ya kupanga, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nami nilikuwa nimebakiza miezi michache nimalize sekondari. Vijana wenzangu wa kanisani walijua kandanda tu. Mimi nilikuwa nimezama kwenye besiboli, na kazi yangu uwanjani ilikuwa kumrushia mpira mwenye gongo ili akose kuupiga. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, na mwaka ule nilisifiwa mno. Nawe unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Jumapili hiyo alitutembelea kocha msaidizi wa chuo kimoja cha kusini. Alikuwa mwanamume wa tabasamu jingi, na mimi leo nikiona tabasamu jingi hupapasa mfuko wangu kwanza. Alifungua jarida la michezo mezani, kando ya chapati na chai. Jarida lilikuwa limevipanga vyuo kwa kuangalia wachezaji wapya waliosajiliwa, na chuo chake kilikuwa cha tatu Amerika nzima. Akasema nikitia sahihi na jina langu litakuwemo. Alitaka jibu ndani ya wiki mbili.

Baba aliinuka kitini. "Namba three, Mama Wafula! Amerika nzima!"

Usimcheke. Sisi tuliotoka Kenya tulilelewa na magazeti yaliyopanga shule kwa matokeo ya mtihani wa taifa. Shule ikitokea namba tatu, mzazi yuko tayari kuuza ng'ombe ili mtoto aingie. Baba aliona jarida la yule mgeni akadhani ni kitu kile kile.

Mama naye, kabla ya kuja kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Beltsville, alikuwa mwalimu wa darasa la nane huko Bungoma. Alimmiminia mgeni chai taratibu, kisha akamuuliza kama vijana hao wapya walikuwa wamekwisha kukichezea chuo chake. Mgeni akacheka, akasema bado, wataanza msimu ujao.

"Basi hiyo namba mmepewa kwa mtihani gani?" mama akauliza. "Na wale mliosifiwa kwa ajili yao mwaka juzi, wako wapi?"

"Wanaendelea vizuri sana," mgeni alijibu, akazisifu chapati.

Hakutaja jina hata moja. Unadhani mimi nililiona hilo? Wapi! Nilikuwa nimekwisha kujiona nimevaa fulana ya chuo.

Mgeni alipoondoka, baba alifoka. "Wewe kazi yako ni kushuku tu. Hata hesabu ya sadaka unashuku!"

"Hiyo naishuku, ndiyo. Lakini mimi nimefundisha class eight, Baba Wafula. Namba ya shule naijua venye inapikwa. Headmaster wetu alikuwa anarudisha watoto wagumu kushika masomo class seven ndio mean ya mtihani isianguke. Watu wakisoma gazeti wanashangilia shule. Hakuna mwenye aliwahi kuuliza wale watoto walienda wapi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Nilimchukia mama wiki ile, nakwambia ukweli. Niliona anataka kunipokonya bahati ambayo haitarudi. Na kweli, jambo kama hilo huamuliwa mara moja tu: ukikosea chuo, miaka yako ya kucheza imekwenda.

Bahati nzuri, Jumamosi iliyofuata chuo kile kilikuja kucheza karibu na kwetu. Upepo wa Aprili ulikuwa bado na meno. Mama alikuja na sare yake ya kazini, mkononi ana karatasi aliyonakilia majina ya wale waliosifiwa mwaka juzi. Alikuwa ameyatafuta maktabani, mama huyo! Uwanjani, timu yenye sifa ilikuwa ikichapwa na timu ambayo hakuna jarida lililoitaja. Baba alisema hiyo ni siku mbaya tu, na huenda alisema kweli, maana timu yoyote huwa na siku yake mbaya. Lakini mama hakuwa na habari na alama zao. Alikuwa akitafuta watoto wa karatasi yake. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akicheza. Wawili walikuwa benchi. Waliobaki hawakuwepo kabisa.

Mmoja wa wale wa benchi alikuwa akirusha mpira kando ya uzio, asipoe. Nilisimama nikamtazama. Mpira wake ulilia kwenye glavu kwa sauti ambayo wangu haujawahi kuitoa. Mwanangu, yule kijana alikuwa amenizidi, amenizidi mbali, naye hachezi. Niliogopa.

Mama alimsogelea akamuuliza kulikoni. Alijibu bila kinyongo. Kila mwaka huletwa kundi jipya, kubwa kuliko nafasi zilizopo. Ufadhili ni wa mwaka mmoja mmoja, na asiyehitajika huambiwa atafute kwingine. Kisha akaomba radhi, akaendelea kurusha.

Garini baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Yule kocha wa hapa Maryland, mwenye alipiga simu. Mwambie akuje. Muulize hiyo swali yako, Mama Wafula."

Alikuja, wa chuo kidogo kisicho na namba popote. Mama akamuuliza lile lile. Yule bwana alikuna kichwa, akawataja wachezaji wake mmoja mmoja: huyu anacheza, huyu aliumia bega na bado tunamlipia masomo, huyu aliondoka na kosa lilikuwa langu. Nikatia sahihi kwake.

Sitakudanganya kwamba tulikuwa mabingwa. Tulifungwa sana. Chuo cha kusini kilishinda kwelikweli mwaka mmoja, kisha kikaporomoka, huku jarida likiendelea kuwasifu wapya wake. Namba zile si uongo mtupu. Zinakuonyesha walioingia mlangoni, basi.

Nafasi yangu kule alipewa kijana wa Manassas, huko Virginia, niliyewahi kupambana naye. Miaka baadaye tulikutana kwenye kituo cha treni huko kwao, akienda kazini. Alikaa kusini mwaka mmoja, akaambiwa atafute kwingine, akaacha kucheza kabisa. Mkono wake ulikuwa mzima. Aliniuliza ni nani aliyenionya. Nikamwambia hakuna, ila mama yangu aliwaulizia waliotangulia.

"Mimi," akasema, "sikuwa na wa kuniulizia."

Basi shika neno hili, mwanangu. Ukiitwa kwa sifa, iwe ni chuo, kazi, au hata posa, usiangalie umewekwa wa ngapi. Waulizie waliosifiwa kabla yako, na akujibuye bila kutaja jina, mmiminie chai uende zako. Kuuliza si ujinga. Mungu akujalie mtu wa kukuulizia. Na usipokuwa naye, akupe ulimi wa kujiulizia mwenyewe, na akufanye wewe uwe wa kumuulizia mwenzako.